Majina ya chapa: tuyatamke kama kwao, kama Waingereza, au kama yalivyoandikwa?

Msoma Matangazo
Wakuu, kwa anayesoma matangazo kwa sauti, njia ipi kati ya hizo tatu inafaa? Orodha: Nike, IKEA, Porsche, Peugeot, Volkswagen, Hyundai, Xiaomi.

Irabu Tano
Anzia lugha jina lilikotoka. IKEA isome kama neno la Kiswahili, i-ke-a. Ndivyo wanavyosema Waswidi, na "aikia" ni ya Waingereza. Majina ya Kijapani kama Suzuki na Yamaha hayasumbui, maana irabu zao zinakaribiana sana na zetu. Porsche ni jina la ukoo la Kijerumani na e ya mwisho inasikika: "Por-she". Anayesema "Posh" amekata silabi nzima.

Nike ni tofauti. Ni mungu wa kike wa ushindi wa Wagiriki wa kale, na kwao lilisikika karibu na "ni-ke", lakini kampuni ni ya Marekani na yenyewe hujiita "Naiki". Fuata kampuni.

Fundi Herufi
Kazi iko kwenye Kifaransa. Katika Peugeot, t haisikiki, na ile e ya kabla ya o imewekwa kulainisha g. Bila hiyo, g ingesikika kama ya "gogo". Ukilijua hilo hutaandika tena "Peugoet". Matamshi ni karibu na "Pezho". Sauti hiyo ya zh hatuna, ndiyo maana "Pijo" imezoeleka. Kuipata: sema "sh", ulimi ubaki palepale, kisha tia mtetemo kooni.

Volkswagen: wagen ni "gari" kwa Kijerumani, basi mwisho ni -en, si -on. V isome f, w isome v: "Folksvagen".

Msoma Matangazo
Na Xiaomi? Wengine husema "Ziaomi".

Silabi Mbili
X hiyo ya Kichina ni "sh" nyembamba, na i inayoifuata haisimami peke yake: "Shau-mi". Huawei ni "Hwa-wei".

Kwa Hyundai napingana na Irabu Tano. Kwa Kikorea ni karibu na "Hyon-de", ila ukisema hivyo msikilizaji hatajua ni gari gani. Baki na iliyozoeleka.

Irabu Tano
Hapo umenishawishi, mkuu. Lakini kwenye maandishi hakuna mazoea: nakili herufi kwa herufi kutoka tovuti ya kampuni. Ukitangaza vipuri vya "Hundai" au "Mitsubushi", anayetafuta mtandaoni kwa tahajia sahihi huenda asilione tangazo lako kabisa.