Mjadala: Kaya ilindwe kwa mwiko au kwa sheria?

Mleta hoja: Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, zilianza kutangazwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na 2008 baadhi yake zikaingia Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 mila zake nazo zikaorodheshwa miongoni mwa zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Msitu umetambuliwa kisheria, imani iliyoutunza iko taabani. Ulinzi akabidhiwe nani: wazee wa ngambi, baraza la kaya, au askari?

Mpwani: Wazee. Mwiko unatunza mwenendo wa mtu tangu anapoingia. Hupiti penye upenyo wowote, unafuata njia ya kaya. Kaya Kinondo unavua kofia na kujifunga kaniki. Huokoti hata kijiti kikavu, maana ndani mmezikwa fingo, kago la kuilinda kaya, na wamelala mababu. Ukivunja unatozwa kuku au mbuzi ili pasafishwe. Askari ataona kisiki. Mzigo wa kuni za kuokota hatausumbukia. Na kuni zile zikiachwa zioze ndizo chakula cha miti, kwa sababu juu ya mwamba wa matumbawe udongo ni haba mno.

Mlinda Msitu: Mwiko humshika anayeuamini. Mwenye msumeno wa injini aliyetumwa na tajiri haogopi fingo. Kigango cha Wagiriama, nguzo ya mti iliyochongwa kumkumbuka marehemu, kikishasimikwa hakihamishwi, kinabeba roho yake. Mbona viling'olewa vikauzwa hadi makumbusho ya Marekani? Mwiko ulikuwapo wakati huo.

Mpima Ardhi: Mnabishania mlinzi na mpaka haujajulikana. Mzee anaujua kwa mti fulani na jiwe fulani; mpimaji anaweka bikoni, alama ya mpaka, pale miti minene inapoishia siku hiyo. Vichaka vya pembeni vinabaki nje, vinalimwa. Jua na upepo vinaingia ubavuni, miti ya ukingo inakauka na kuanguka, magugu yanashika. Baada ya misimu michache ukingo mpya uko ndani zaidi, na hakuna aliyeingia na shoka. Kwa hiyo wazee watangulie kuuzunguka mpaka wakiwa na majirani wote wenye mashamba, kila alama itajwe kwa jina lake, ndipo mpimaji achukue vipimo. Njia na vichaka viwemo. Palipo wazi papandwe miche iliyooteshwa kwa mbegu za kaya yenyewe. Mikaratusi inakua haraka lakini inanyonya maji na si miti ya pale. Ardhi isiyo na hati iandikishwe kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kabla mtu binafsi hajaiwahi.

Mpwani: Naafiki, kwa sharti moja: ramani iishie ukingoni. Penye fingo na makaburi pasitiwe alama yoyote. Ramani hunakiliwa, na wezi wa vigango wanajua kusoma.

Mlinda Msitu: Sharti hilo nalikubali. Na askari waajiriwe kwa idhini ya ngambi, nao wavue kofia mlangoni.