Ukoo wa Bibi, Tanga 🏠 (rangi ya sebule)

JUMANNE

Dada Mwana: Asalaam aleykum wote humu. Naomba msome mpaka mwisho tafadhali. Wageni wa posa ya Rehema wanakuja jumapili tarehe 14 na sebule ya Bibi iko vile mnavyoijua, Juma kanitumia picha jana nimelala na mawazo. Tupake rangi. Nimeshachagua, zambarau iliyokolea, ile ya zambarau lililoiva likakaribia kupasuka sio ile ya mabegi ya shule, ukuta mmoja tu ule wa mkabala na mlango, kuta tatu zibaki krimu, mapazia ya dhahabu ya Anti Zai yapo kabatini yatakaa vizuri sana na ile milango ya mninga

Dada Mwana: Hesabu hii hapa. Ukuta una mita 5 kwa 3, mita za mraba 15. Lita moja inapaka kama mita 10 kwa koti moja, koti mbili ni lita 3, kwahiyo galoni ya lita 4 inatosha na inabaki ya kugusiagusia. Wanaochangia waandike majina hapa chini

Anti Zai: 👍🏾

Hemedi: Waaleykum salaam. Zambarau dada? Mgeni ataingia aanze kumtafuta MC amekaa wapi 😂😂

Mama Rehema: 😂😂😂

Dada Mwana: Hemedi tuwe siriaz jamani siku zimebaki 12

Dada Mwana: ??

Dada Mwana: Naona watu 9 wamesoma

Juma: Dada mi ndo niko huku nyumbani. Ule ukuta ndio unaotoa chumvi. Leo nimesogeza kochi nimekuta unga mweupe umemwagika sakafuni na rangi imebanduka kipande kama sahani, ukiangalia ukingoni mwake unaziona zote, krimu, chini yake bluu, chini yake kijani kile cha zamani, halafu chokaa yenyewe. Ukiweka kiganja unatoka na ubaridi

Dada Mwana: Piga msasa weka puti

Juma: Puti juu ya chumvi haikai. Hii nyumba ni ya mawe na chokaa, maji yanapanda toka chini, ukuta unatakiwa upumue, ukiuziba na rangi ya plastiki yanatafuta pa kutokea na kinachobanduka ni rangi yako. Si ndio yaliyotukuta kwa yule fundi wa rangi ya mafuta

Hemedi: Yule aliyekula pilau siku nne akapaka madirisha mawili 😂😂

Anti Zai: Na ngazi yangu aliondoka nayo

Kaka Salim Muscat: Poleni nlikua kazini. Jirani yangu huku kapaka hiyo rangi majlisi yake, mchana nzuri mashallah, usiku ikawa kama kahawa iliyolala. Ni taa. Balbu ya njano inaipeleka kwenye hudhurungi, nyeupe kali inaipeleka kwenye bluu. Jaribuni kipande kwanza mkitazame mchana na usiku. Na rangi nzito hivyo juu ya krimu koti mbili hazifuniki, utaona mawingu mawingu, tangulizeni kijivu. Na mchanganyishe yote kwa siku moja maana ikichanganywa tena haifanani na ya kwanza, na ikishachanganywa duka halirudishi

Dada Mwana: Koti tatu ni lita 4 na nusu. Basi galoni haitoshi. Mnaona faida ya kuongea mapema

Rehema: Mnanipakia ukuta na wala hamjaniuliza 🙈 ila naipenda. Halafu mnajua rangi ya zambarau ya kwanza ya kutengenezwa maabara ilipatikana kwa bahati tu, 1856 London, William Perkin kijana wa miaka 18 alikuwa anatafuta kwinini ya malaria akaishia na rangi ya vitambaa

Hemedi: Kwa mbu hawa wa Tanga tungekuwa na kiwanda 😂

Mama Rehema: 🤣🤣 Hemedi jamani

Dada Mwana: MICHANGO

Anti Zai: Mwana mi nauliza tu, kwanini zambarau? Kuna damu ya mzee, iko jirani nayo na haionyeshi uchafu

Dada Mwana: Anti nitakwambia ukweli. Likizo zote za mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tukishuka tu kwenye basi tunakimbilia kwenye mzambarau, hata Bibi hatujamsalimia, ndimi zimegeuka rangi, gauni langu la Idd liliharibika pale na Bibi akaloweka kwenye ndimu usiku kucha doa lisitoke, nalo mpaka leo ninalo. Nikiingia pale sasa naona ukuta wa jirani tu. Nataka Rehema aondoke kwenye nyumba yenye kitu cha ule mti, ndio hivyo

Mama Rehema: Mti haukuondoka wenyewe

Baba Mdogo Ally: Tumeanza tena. Mizizi ilikuwa inaingia kwenye shimo la choo, nilimwambia kila mtu

Mama Rehema: Ikajengwa fremu. Na kodi ya fremu

Mama Rehema: *Ujumbe huu umefutwa*

Anti Zai: Tusifike huko jamani kuna watoto humu

Juma: Bibi kaniambia nimsomee yote. Nimemsomea. Kasema niandike kama alivyosema, nisipunguze:

"Mwana, rangi sikukatazi. Lakini ukuta ule ndio aliokuwa akiuegemea babu yenu kila magharibi, pale palipochakaa ni mgongo wake. Unatoka maji mwaka wa tatu huu na hakuna aliyeniuliza, leo kuna wageni ndio mmeuona. Mti mmeukata, sasa mnautafuta ukutani. Anzeni na chokaa. Ally, nimekusikia, na wewe unisikie."

JUMATANO

Dada Mwana: Shikamoo Bibi. Nisamehe. Nimepiga mara mbili Juma naomba ukirudi umpe simu

Anti Zai: Mungu amuweke mama yetu

Dada Mwana: Basi tufanye hivi, ule ukuta ukwanguliwe mpaka kwenye chokaa uachwe ukauke, upigwe chokaa tu. Zambarau ihamie ukuta wa kabati

Juma: Ule nao unapigwa na jua la dirisha mchana kutwa, itapauka. Na kabati lile ni watu sita

Hemedi: Mi mgongo 🙋🏾‍♂️

Anti Zai: Kwani lazima ukuta? Tushone mito ya velveti ya zambarau kwenye makochi tumalize

Juma: Halafu Bibi ana ukili wa zambarau na mweupe chini ya kitanda, ameutia rangi mwenyewe, anasema zimebaki pima tatu mkeka uishe, alikuwa anamfanyia Rehema

Rehema: 😭 sikujua

Dada Mwana: Mkeka utandikwe katikati basi, mito nachukua mimi. Ila ukuta sijauacha. Juma nunua kikopo cha nusu lita ujaribie pembeni ya kabati. Hemedi kiasi gani?

Hemedi: Elfu 20 mwisho wa mwezi

Dada Mwana: Wageni tarehe 14 Hemedi

Baba Mdogo Ally: Chokaa na mchanga na kukwangua nalipa mimi. Rangi mtajuana wenyewe

Dada Mwana: Ahsante sana baba mdogo. Italetwa lini?

IJUMAA

Juma: *Picha* Hiki ndio kipande, koti mbili juu ya kijivu, nimepiga saa kumi na mbili jioni sijawasha taa. Nilitaka kukifuta tukiamua vingine, Bibi kasema nisikifute

Mama Rehema: Ni yenyewe

Kaka Salim Muscat: Tuma na ya usiku

Dada Mwana: Baba mdogo fundi anauliza chokaa inafika kesho au jumatatu