Tupeane uzoefu: nani amefuatilia ukoo wake hadi kwa babu au bibi aliyekuwa mtumwa wa shamba?

Mjukuu wa Kilema
Wakuu, naomba hili tuliongee kwa moyo. Huku Moshi ukijitambulisha unaulizwa ukoo, kisha kihamba chenu, yaani shamba la ukoo, kiko wapi. Chetu kilianzia kwenye kipande cha ardhi ya misheni, na hakuna mzee aliyetaka kusema kwa nini. Shangazi alipoanza kuugua ndipo akatuita. Babu wa baba yake hakuzaliwa mlimani. Mapadri walimnunua akiwa mtoto sokoni Unguja, akakulia Bagamoyo akilima mashamba ya misheni, kisha akapanda nao huku akiwa tayari ana mke.

Nimejaribu kulinganisha. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, Sultani Barghash akafunga soko la Unguja 1873, na Kilema ikafunguliwa 1890. Kwa hiyo alinunuliwa mtoto kabla ya 1873 na kufika Kilema akiwa mtu mzima. Maneno ya shangazi yanasimama. Kwenye kitabu cha ubatizo jina lake limo, la baba yake halimo. Penye kabila wameandika Mnyasa, na hiyo ni nchi nzima ya kando ya ziwa! Kijiji nitakipata wapi? Aliyepita njia hii anisaidie.

Binti Ngarenaro
Pole kaka, na hongera kwa kuthubutu. Sisi tuko Arusha toka enzi za babu, lakini upande wa mama tunatoka kwenye shamba la karafuu Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika nafasi, na watu wengi wakapelekwa huko kuchuma.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar, lakini uhuru haukumfuata mtu shambani. Ilibidi mwenyewe aende kuuomba, na bwana wake alipwe fidia. Masuria waliachwa nje mpaka 1909, na hilo linaniuma kuliko yote. Uandikishaji ule ndio uliotuachia daftari: jina, kabila, na jina la bwana. Tulizisoma kwenye Nyaraka pale Kilimani, Unguja.

Sasa sikiliza. Ukitafuta kwa jina la ukoo hutapata kitu, kwa sababu hakuwa nalo. Majina ni Mabruki, Feruzi, Faida, Zawadi, yanajirudia ukurasa hadi ukurasa. Sisi tulimjua bibi yetu kwa jina la mwenye shamba, ambalo mama alilisikia utotoni wazee wakilitaja kwa chuki. Mama aliusoma mstari ule, akaomba asomewe tena kwa sauti. Kwa hiyo kabla ya kwenda popote, muulize shangazi kama anakumbuka jina la bwana yeyote, hata la nahodha.

Mzee wa Tarakea
Mnafukua ya nini? Kesho watu wataanza kuulizana kwenye posa.

Kibosho Juu
Shikamoo mzee. Mimi nadhani tufukue, na nasema nikiwa upande mwingine. Enzi za Mangi Sina, mtawala wetu wa Kibosho, mateka wa vita vya humu mlimani waliuzwa kwa misafara ya Pwani kwa kubadilishana na bunduki, baruti na nguo. Wengine waliishia Pangani kwenye mashamba ya miwa. Nyumbani tulisimuliwa ushujaa tu, mpaka Mjerumani Wissmann alipompiga Sina 1891. Waliouzwa hawakutajwa.

Nilimbana babu mdogo. Akanyamaza muda mrefu, halafu akataja ukoo wa ng'ambo ya mto, na jina la binti yao. Jina kamili! Alikuwa amelitunza siku zote hizo. Tulikwenda na isale mkononi, lile jani la kuombea msamaha, wazee wao wakatupokea. Walijua alichukuliwa, ila hawakujua alipelekwa upande gani. Binti yule ana wajukuu mahali fulani, na siku wakija kuuliza nataka wakute mtu wa kuwajibu.

Dereva wa Sakina
Nabeba wageni, wakiwemo Wamarekani Weusi wanaotafuta asili yao. Kwao sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida hazina majina yao, ila umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki. Kwa hiyo nao wanapitia wosia na hati za mauzo za bwana, kama dada alivyosema. Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 mwaka 1838 kwenda Louisiana, na kwa kuwa waliyaandika majina, wajukuu wengi wamepatikana. Mkuu wa Kilema, usikiache kitabu cha kanisa.

Mama Pasua
Kwetu kuna karatasi ya Kijerumani kwenye sanduku la babu, wanaiita barua ya huru. Ina kazi?

Mjukuu wa Kilema
Mama, ina kazi sana! Wajerumani hawakufuta utumwa, walitoa hati kwa mtu mmoja mmoja. Walichoamuru ni kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika 1922, chini ya Waingereza. Usiikunje tena, wala usiibandike selotepu. Ipige picha mbele na nyuma, uone kama jina la bwana na la boma yanasomeka. Binti Ngarenaro, nimemuuliza shangazi: nahodha hamkumbuki, ila anajua wimbo babu aliowaimbia watoto, wenye maneno yasiyo ya Kichaga wala Kiswahili. Nimeurekodi. Kama kuna Mnyasa humu, aseme nimtumie.