Njia za changarawe zisizo na magari: Luiche, Ilagala, Uvinza au Tabora?

Mwisho wa Reli:
Habari za jioni, ndugu zangu. Kikundi chetu cha baiskeli hapa Kigoma kina watu wanne, wakiwamo vijana wawili ambao hawajawahi kuendesha zaidi ya kilomita 40 kwa siku, na tunapanga safari ya siku mbili au tatu mwezi Julai, mbali na malori. Tunataka njia ya changarawe, iliyo karibu na mto, na yenye mji au mahali pa kihistoria ambapo tunaweza kupumzika. Nimebakiwa na chaguo tatu: Ujiji na mashamba ya mpunga ya bonde la Luiche, Simbo hadi Ilagala, kwenye mto Malagarasi, au kupanda treni hadi Uvinza na kuzunguka huko. Rafiki mmoja anasisitiza kwamba Tabora inazishinda zote. Naomba aliyepita anieleze hali ya njia yenyewe, kwa kuwa umbali naweza kuupima kwenye ramani.

Binti Ujiji:
Karibu kwetu, kaka. Nianze na tahadhari: kutoka Mwanga hadi Ujiji ni lami tupu, na ingawa hazifiki kilomita 10, bajaji na daladala hazitawapa nafasi baada ya saa moja asubuhi. Ondokeni kukipambazuka. Mtafika kwenye mnara wa Livingstone kabla ya wageni wengine, na vijana wataweza kusoma kwa utulivu habari za siku ile ya Novemba 1871 Stanley alipomkuta Livingstone pale. Wakumbusheni pia kwamba Burton na Speke walikuwa wamefika Ujiji tangu Februari 1858, na kwamba mji ulikuwapo na biashara yake kabla ya wazungu wote hao.

Ukishauacha mji nyuma na kuteremka bondeni, magari yanakwisha kabisa, kwa sababu hakuna pa kuyapitisha. Njia ni matuta ya majaruba, mengine yana upana wa hatua moja tu, na anayeendesha mbele hulazimika kushuka kila anapokutana na mama aliyejitwika mzigo. Mwaka jana nilipita mahali ambapo maji yalikuwa yamevuka tuta usiku. Udongo mweusi ulijaa kati ya tairi na breki hadi gurudumu likagoma kuzunguka, nikaubandua kwa kijiti huku watoto watatu wakinishauri namna ya kufanya. Mwezi Julai hali ni kavu zaidi, lakini hiyo si changarawe, ni udongo. Kwa nusu siku panapendeza sana. Kwa siku tatu hapatoshi.

Fundi Spoku:
Nimeendesha Simbo hadi Ilagala mara nne, mara mbili nikiwa na mzigo wa kilo 30 kwenye karia, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Kinachoamua safari hiyo ni kichanga. Moramu iliyoshindiliwa vizuri hukupeleka kama umeteremshwa, kisha ghafla, hasa kwenye mabonde madogo ambako mvua za masika zilileta mchanga, gurudumu la mbele linazama na usukani unageuka wenyewe. Anayeng'ang'ania kukanyaga hapo huanguka. Punguza upepo wa tairi kabla ya kuondoka, kaa nyuma kidogo kwenye tandiko, acha usukani uchezecheze, na ukishindwa shuka usukume bila kuona haya. Tairi nyembamba za mashindano hazifai hata kidogo. Zaidi ya hayo, maduka ya vijijini huwa na tyubu za baiskeli za kawaida, za saizi ya 26 na 28. Aliyekuja na saizi ya pekee ajitegemee.

Kuhusu magari, siwezi kukuahidi kwamba hayapo. Ile ni barabara ya watu wa kusini mwa mkoa, na siku ya mnada utakula vumbi la fuso hadi uchoke. Siku nyingine, kati ya alfajiri na saa nne, nimewahi kuhesabu magari mawili tu, na waliosalia walikuwa watu wenye baiskeli kama mimi, wakipeleka madumu ya mawese. Michikichi iko pande zote mbili kwa sehemu kubwa ya njia, na kivuli chake ni msaada mkubwa. Malagarasi ndio mto mrefu kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika, na ukiufikia pale Ilagala, ukiwa mpana na wenye rangi ya chai ya maziwa, utaelewa kwa nini watu wanautaja kwa heshima. Msiteremke kunawa miguu mahali ambapo wenyeji hawachoti maji, kwa maana mamba wamo.

Mnyamwezi wa Kitete:
Huyo rafiki anayeisifia Tabora huenda ni mimi. Nakiri kwamba hatuna mto wa kuringia wakati wa kiangazi; tuna bwawa la Igombe kaskazini mwa mji, basi. Lakini kwa changarawe tambarare hamtufikii. Njia ya kwenda Kwihara ni fupi, inapita katikati ya miembe na mashamba, na mwisho wake kuna tembe ambalo Livingstone na Stanley waliishi baada ya kutoka huko kwenu Ujiji. Stanley aliondoka Machi 1872, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Mkisonga zaidi kwenye misitu ya miombo, vaeni mikono mirefu, maana mbung'o hufuata kitu kinachotembea.

Dada wa Gungu:
Niongeze jambo moja kuhusu neno "zisizo na magari". Nilipokuwa Marekani kwa masomo niliendesha sehemu ya njia ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, yenye kilomita 297 kando ya mto Potomac, kutoka Cumberland hadi Washington. Mfereji ulianza kuchimbwa mwaka 1828 na ukaacha kazi mwaka 1924, na njia ambayo nyumbu chotara wa punda na farasi walipita wakivuta mashua ndiyo leo ya baiskeli na waenda kwa miguu. Unapita miji ya kale kama Harpers Ferry bila kusikia honi. Kule gari limekatazwa. Kwetu gari halijafika bado, au limelala. Kwa hiyo swali la kaka lijibiwe kwa saa na siku ya juma, kama Fundi alivyofanya.

Mzee wa Ruchugi:
Mmeipita Uvinza haraka mno. Chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Ruchugi, ambao unaingia Malagarasi, zilikuwa zikivuta watu kabla ya reli na kabla ya misafara ya pwani. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta mabaki ya uchemshaji wa chumvi wa takribani miaka 1,500 iliyopita. Treni itawaokoa na lami yote; mara ya mwisho baiskeli yangu niliilipia kama mzigo na nikaikuta salama, isipokuwa kengele. Njia za mguu za huko ni za mawe na miinuko, lakini kichanga ni kidogo. Udhaifu wake ni treni yenyewe, kwa sababu ratiba yake ndiyo itakayoamua mtarudi lini.

Fundi Spoku:
Shikamoo, mzee. Kwa watu wazima wanne ningekubaliana nawe. Vijana wenye kilomita 40 kwa siku wakipewa mawe na miinuko watauza baiskeli.

Mwisho wa Reli:
Ahsanteni. Tumekubaliana hivi: siku ya kwanza Ujiji alfajiri, na Luiche hadi saa nne kama mazoezi, kisha tulale hapo Ujiji, siku ya pili Simbo hadi Ilagala, ya tatu kurudi. Uvinza tutaipeleka Septemba, bila vijana. Fundi, nimeangalia tairi zetu: tatu ni za 26, na moja ni nyembamba, ya kijana anayejiona bingwa. Je, fremu yake itapokea tairi nene, au nimtafutie baiskeli nyingine kabisa?

Fundi Spoku:
Pima nafasi kati ya tairi na uma wa mbele. Kidole chako cha shahada kisipopita kila upande, mtafutie nyingine.