Mjadala: Roketi za vijana wa Dodoma zikatazwe betri za lithiamu?

Mleta hoja, Iyumbu: Wapo wazazi na walimu wanaotaka vijana wanaorusha roketi za modeli zenye nguvu kubwa waruhusiwe betri za mraba za volti 9 tu. Lithiamu marufuku, eti inashika moto. Napinga. Kiangazi nyasi za huku hazitaki utani, nakubali, lakini injini ya roketi yenyewe ni moto mtupu. Kinachonitisha mimi ni roketi ya kilo kadhaa kushuka kichwa chini bila parachuti.

Parachuti hufunguliwa na altimita, kifaa kidogo cha kupima kimo. Inasoma mgandamizo wa hewa, ikiona roketi imefika kileleni inapeleka umeme kwenye kiberiti cha umeme, baruti kidogo inalipuka, parachuti inatoka. Mkupuo huo wa umeme unaweza kufika ampea 1. Betri ya alkalaini ya volti 9, hata ikiwa mpya, ina ukinzani wa ndani wa ohm 1 hadi 2, kwa hiyo papo hapo volti 1 hadi 2 zinapotea. Iliyochoka hushuka zaidi, altimita inazima na kuwaka upya ikiwa juu.

Halafu baadhi ya betri hizo ndani zina seli 6 bapa zilizobanwa tu, hazikuchomelewa. Kishindo cha kuondoka kinaweza kuziachanisha kidogo, umeme ukakatika. Kwa nje hujui umenunua ipi.

Fundi simu, Majengo: Kaka, lithiamu polima ikitobolewa haiombi ruhusa. Sisi tunaziona zilivyovimba. Na feki zimejaa: seli ya 18650, ile ya lithiamu ya duara ndefu, imeandikwa mAh 9,900 (kipimo cha chaji inayobeba) wakati nzuri za kawaida huishia karibu 3,500. Jingine hukulisema: betri nyingi za lithiamu zina saketi ya kinga. Kiberiti kikishaungua, nyaya zake zinaweza kugusana, saketi ikadhani ni shoti na kukata umeme wote. Kwa roketi yenye parachuti mbili, ndogo imetoka, kubwa haitoki ng'o.

Mwalimu wa fizikia, Kikuyu: Ndiyo maana naunga mkono marufuku. Alkalaini mpya inafunguliwa mbele ya mkaguzi, inaruka, inatupwa. Lithiamu iliyochajiwa tangu mwaka juzi, nani anajua imepitia nini?

Mwanafunzi: Shikamoo mwalimu. Alkalaini yenyewe kuipata ni kazi. Madukani nyingi ni za zinki na kaboni, umbo lile lile, nguvu hakuna. Kanuni ikisema "volti 9" tu, hizo ndizo zitakazokuja uwanjani.

Mleta hoja: Mwalimu, kwenye ukaguzi umenishika. Basi tukague kazi, tuache jina. Kila betri ibebeshwe kizuizi cha umeme (rezista) cha ohm 8 kwa sekunde chache, volti zipimwe ikiwa imebeba mzigo. Kupima ikiwa haina mzigo hakusemi kitu. Yenye saketi ya kinga isiingie. Iliyovimba isikaribie uwanja. Altimita ziwe mbili, kila moja na betri na swichi yake, na betri ifungwe kwa kamba za plastiki, isitegemee vifungo vyake. Vibali vya anga na vya baruti vinabaki pale pale.

Fundi simu: Ukiondoa saketi ya kinga umeondoa pia kinachozuia shoti isiwe moto. Hapo ndipo hatujaelewana.

Mleta hoja: Kwenye chaja ibaki. Kwenye roketi nachagua parachuti.