Mwenye pumu, mafua yameisha ila moyo unadunda sana, shida ni nini?

Binti_Mbagala: Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 58, ana pumu toka ujana na presha anayotumia dawa. Juzi kati alishikwa na mafua makali, homa, kifua kikabana akawa anapuliza inhela kila mara. Homa imeondoka lakini sasa anasema moyo unadunda kwa nguvu na akipanda ngazi anachoka kuliko zamani. Duka la dawa wanasema nimnunulie propranolol itatuliza moyo. Nimpe? Na hivi virusi vya mafua vina uhusiano na moyo kweli au ni pumu tu?

Nesi wa Zamu: Dada USIMPE hiyo propranolol. Inaziba kilekile ambacho inhela ya bluu inakitegemea kufungua njia za hewa, mwenye pumu akiimeza anaweza kubanwa vibaya halafu apulize na asipate nafuu. Nakuomba sana.

Mzee Kifaru: Salbutamol, yaani hiyo inhela ya bluu, ukipuliza mfululizo moyo lazima uende mbio na mikono itetemeke, mimi nina pumu naijua hiyo hali. Ila inaisha baada ya masaa machache.

Daktari Kijana: Mzee yuko sahihi, ila kuchoka kwenye ngazi hakuletwi na inhela. Kuhusu swali lako dada, uhusiano upo. Mwaka 2018 watafiti wa Ontario, Canada walitoa majibu ya watu waliopimwa maabara wakakutwa na influenza (virusi vya mafua makali), na ndani ya siku 7 za mwanzo uwezekano wa kulazwa kwa mshtuko wa moyo ulikuwa kama mara 6 ukilinganisha na vipindi vingine vya watu haohao. Hawakuwa wenye pumu peke yao, ila fikiria tu: virusi vinaamsha uvimbe mwili mzima, damu inakuwa rahisi kuganda, mafuta yaliyojishika kwenye mishipa ya moyo yanaweza kupasuka, na hapohapo moyo unalazimika kupiga haraka wakati kifua kimebana na oksijeni inashuka. Ongeza umri na presha. Kingine, virusi vyenyewe vinaweza kuvimbisha msuli wa moyo.

Binti_Mbagala: Asanteni jamani, propranolol naachana nayo. Ila jioni miguu inamvimba kidogo, hiyo nayo ni ya moyo?

Daktari Kijana: Inaweza kuwa, kwa hiyo usisubiri wiki iishe, mpeleke leo. Anzeni hata Temeke wampime ECG (umeme wa moyo), oksijeni na damu ya troponini inayoonesha kama msuli wa moyo umeumia, wakiona haja ya eko (picha ya ultrasound ya moyo) watawapa rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Maumivu ya kifua yakianza au akashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi basi ni dharura, hata kama ni saa nane usiku.

Nesi wa Zamu: Waambie mapema kama aspirini iliwahi kumbana, kuna wenye pumu haiwapatani kabisa na huko kwenye moyo ni dawa ya kwanza kutolewa. Na uliza kama anapaswa kuwa na inhela ya kila siku yenye steroidi maana kutegemea ya bluu peke yake GINA (shirika la kimataifa la miongozo ya pumu) walishaacha kushauri toka 2019. Halafu beba pakiti za dawa zake za presha zote, usitaje kwa kichwa, nyingine kama atenolol ni ukoo mmoja na hiyo propranolol.

Binti_Mbagala: Nimeangalia pakiti sasa hivi, moja imeandikwa atenolol!! Tunaita bajaji tunatoka.

Nesi wa Zamu: Usimkatishe ghafla mwenyewe, moyo unaweza kushtuka. Mwoneshe daktari pakiti, yeye ndo aibadilishe.