Mrejesho: malengo saba yalivyobaki nusu lengo

Wakuu, habari za jioni. Januari iliyopita niliwauliza nifanyeje, maana kila mwaka naandika malengo na Pasaka ikifika hata daftari silioni. Nilikuwa nimeorodhesha saba. Mkaniambia nipunguze, kila lengo liwe na kiasi na tarehe.

Nikabakiza mawili. Kusoma kompyuta kulikufa Machi, sina cha kujitetea.

Lingine ni nusu eka ya viazi kule Isyonje. Dada mmoja alinishauri nihesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya kupanda, na hapo ndipo akili ilifunguka. Huku Mbeya mvua zinaanza Novemba. Kwa hiyo mbegu iwe ndani ya nyumba Oktoba, shamba likodiwe Septemba, hela ianze kukusanywa sasa hivi. Nikachongesha kibubu, nikakipigilia misumari. Kila Jumamosi nikifunga genge langu Mwanjelwa, elfu tano inatumbukia.

Juni kukawa na msiba Tukuyu. Nikakivunja kwa nyundo, nusu ya hela ikaondoka. (Aliyesema niweke kwenye simu, ningezila Februari, najijua.) Nikaanza upya, nikapanda robo eka badala ya nusu.

Jana nimetoka kupandishia matuta. Viazi vimeshika vizuri, ila upande wa bondeni nimeona majani yenye mabaka meusi, na mvua haikatiki. Kesho alfajiri narudi na bomba la kupulizia dawa ya ukungu.